Alama Yangu Kwenye Karatasi ya Kimya

Mwalimu wa darasa letu la watu wazima ana kichwa kigumu, na mimi ninacho pia, ndiyo maana tumevutana wiki tatu. Alitaka kila mmoja wetu aandike maisha ya mtu wa kawaida anayemjua, halafu karatasi zishonwe ziwe kijitabu, kiwekwe kwenye chumba cha kusomea. Nikamwambia sikuja hapa kuandika, nilikuja kujifunza kusoma tu. Akasema, "Bibi, kusoma na kuandika vinakwenda pamoja." Nikamjibu, "Mbona wewe unakula na hujui kupika?" Darasa zima likaangua kicheko, hata muuza mkaa anayekaa nyuma, ambaye meno yake sikuwahi kuyaona. Lakini mwalimu hakuniachia. Kila nikija: "Bibi, ukurasa wako uko wapi?" Nimechoka kuulizwa kama mtu anayedaiwa.

Haya, naandika. Herufi zangu ni kubwa na zinapanda mlima. Atazinyoosha yeye, nimemruhusu. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Mtu wa kawaida ninayemjua vizuri ni mimi mwenyewe. Nina miaka sabini na mmoja na kazi yangu ni kufunga mikono. Bondia kabla hajavaa glavu anafungwa bendeji, kuanzia kwenye kifundo cha mkono, juu ya kiganja, katikati ya vidole, kurudi chini, na plasta ya kuzuia. Ukikaza mno, vidole vinakufa ganzi. Ukilegeza, mfupa unavunjika siku ya kwanza. Mitaani kwetu naitwa Bibi Bendeji, na anayeniita hivyo kwa dhihaka namjua na yule wa heshima namjua pia.

Sikufundishwa na mtu. Nilipokuwa msichana nilikuwa mfuaji kwenye zahanati. Siku hizo bendeji haikutupwa. Ilifuliwa, ikachemshwa, ikaanikwa, ikakunjwa, ikarudi kwa mgonjwa mwingine. Mchana mmoja aliingia kijana mkono umevimba kama mkate uliozidi hamira, na muuguzi katoka. Nikamfunga mimi. Akautazama mkono, akanitazama mimi.

"Nani kakufundisha?"

"Nimezifua miaka minne. Unadhani sijui zinavyokaa?"

Wiki iliyofuata akaja tena, anadai mkono unamuuma. Mkono ulikuwa mzima kabisa. Huyo ndiye alikuja kuwa mume wangu.

Alikuwa bondia, halafu akawa kocha. Tulikodi ghala la zamani la magunia, nyuma ya karakana ya kuziba pancha, tukaweka ulingo wa mbao na mifuko miwili ya kupigia. Mmoja niliushona mwenyewe na kuujaza matambara. Ukutani, mkabala na benchi la kufungia mikono, kuna ufa mrefu ulioanza juu dirishani ukashuka mpaka sakafuni. Huo ufa ukumbuke, tutaurudia.

Mume wangu alikuwa na sheria moja ambayo klabu nyingine walituchekea. Bondia wetu akikaa kufungwa mikono, hatazami mikono yake. Anageuza uso anatazama ukutani mpaka aambiwe tayari. Alisema bondia anayekagua anavyofungwa amemtukana anayemfunga. Akishindwa kuniamini mimi niliyeshika mkono wake, atamwamini nani kule ndani, amezungukwa na kelele? Kwa hiyo watoto wetu wote waliujua ule ufa kuliko walivyojua sura za mama zao.

Nikimaliza naweka alama juu ya plasta. Sikujua kuandika jina, basi mume wangu akaniambia, chora kitu. Nikachora jicho, duara na nukta katikati. Maana yake, nimeuona mkono huu na ni safi, haukufichwa kitu. Msimamizi wa chama cha ngumi alikuja kuweka sahihi yake pembeni ya jicho langu, na hajawahi hata siku moja kufungua kazi yangu kukagua. Hata kwenye mazoezi ya kawaida niliweka. Mkono usio na jicho haukuingia ulingoni kwetu.

Mume wangu alipofariki, kadi ya klabu iliandikwa kwa jina langu pale chamani. Bondia wa klabu hawezi kuhama wala kusaini popote bila mwenye klabu kumwachia kwa maandishi. Hiyo nayo ikumbuke.

Sasa nije kwa Kimya.

Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Alikuja kwangu ana miaka kumi na mmoja, na begi la shule lenye shati moja ndani. Hakulia, hakuuliza. Mwezi mzima nilidhani ana matatizo ya ulimi, mpaka siku moja akaniambia, "Mama mkubwa, wali umeungua," nikafurahi mpaka nikausahau wali. Wenzake wakamwita Kimya. Ulingoni wengine wanapiga kelele kila wanaporusha ngumi. Yeye hata pumzi huisikii. Miaka tisa nimefunga mikono yake, mazoezini na mechini, nikakaa kwenye kona yake na ndoo na taulo. Akirudi kukaa kwenye kigoda alikuwa ananitazama mimi kwanza, halafu kocha aliyeshika nafasi ya mume wangu. Mimi sikumwambia la maana, namwambia tu, "Pumua." Lakini alinitazama.

Hicho ndicho nilichokuwa nacho. Wengine wana nyumba. Mimi nilikuwa na ile kona.

Watu wa televisheni walikuja kwetu wakati hakuna aliyetutaka. Gari lao lilikuwa bluu, tukawaita Bluu. Walitaka ngumi za kuonyesha Jumamosi saa kumi alasiri, mahali pa bei rahisi, na ghala letu lilikuwa rahisi kuliko yote. Mtangazaji wao tulimwita Sauti, maana akiomba maji ya kunywa ungedhani anatangaza msiba wa taifa. Makubaliano yetu na Bluu yalikuwa mkono kwa mkono na vikombe viwili vya chai. Miaka sita ikaenda hivyo. Kila Jumamosi nyaya zilipita juu ya benchi langu, na watu wa mbali wakalijua jina la klabu yetu.

Halafu wakaja Manjano. Hao walikuwa na kituo kipya, unanunua king'amuzi chao ndipo unaona. Hapo vita ikaanza. Bluu wakionyesha ngumi saa kumi, Manjano wanaweka zao saa kumi. Bluu wakasogea saa tisa, Manjano nao saa tisa. Jumamosi moja gari la Manjano liliegeshwa mbele ya lango letu makusudi, nyaya za Bluu zisipite, na dereva kajifanya amelala. Vijana wangu wanane wakalibeba na yeye ndani, wakaliweka upande wa pili wa barabara. Alikuwa bado amefumba macho, lakini jasho lilimtoka.

Kibaya zaidi kilikuwa mabondia. Kila kituo kilikimbilia kuwafunga kwa mikataba, na bondia wa huku alikatazwa kupigana na wa kule. Mtaa wa tatu kutoka kwetu alikuwapo kijana anaitwa Msumari. Yeye na Kimya ndio walikuwa bora katika uzito wao, hata kipofu angekwambia. Msumari akachukuliwa na Manjano. Basi wawili hao wananunua mkate duka moja, wanasalimiana, kila mmoja anamtazama mwenzake mabegani kama fundi anayepima kabati, na hawaruhusiwi kupigana. Muuza duka aliwaambia, "Jamani, nitasogeza magunia ya sukari, mmalizane hapa hapa kaunta."

Kimya hakucheka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Bondia wa miaka hiyo anaanza kuhesabu miaka iliyombakia.

Mtu wa Manjano akatufuata. Tulimwita Bwana Kalamu, maana kalamu tatu zilimchungulia mfukoni kama watoto dirishani. Akakaa kwenye benchi langu bila kukaribishwa.

"Mama, wewe ni hazina. Nchi nzima inakujua."

"Nchi nzima inajua mgongo wangu. Kamera haijawahi kunionyesha mbele."

"Kwetu utaonekana mbele! Tumpe Kimya pambano kubwa. Tumpe Msumari."

Nikamwona Kimya akiinua kichwa. Nilimwona, sisemi sikumwona. Lakini nilikuwa nimeshampa Sauti mkono, na mimi mkono wangu nikishautoa, siupeleki kwa mwingine. Nikamwambia Bwana Kalamu, "Chai ipo, mkataba hakuna." Akanywa chai, akaondoka.

Jioni ile Kimya alikuwa anakunja kamba za kurukia. Akasema, "Mama mkubwa, na Msumari?"

"Bluu watampata."

"Lini?"

"Subiri."

Akatundika kamba msumarini, akaenda kuoga. Sikumuuliza yeye anataka nini. Hilo naliandika ili mtu asije kusema nimelificha.

Bluu wakapata habari, wakaogopa, kwa mara ya kwanza na wao wakaleta karatasi. Sauti mwenyewe alinieleza yaliyomo: ngumi zitabaki ghalani kwetu, Kimya atabaki klabu yetu, kona itabaki yangu, miaka mitatu. Akaniachia. "Mama, usomewe taratibu nyumbani. Nitaipitia Jumatatu."

Jumapili mchana, baada ya chakula, nikamwambia Kimya alete karatasi anisomee. Alikwenda chumbani kwake kuichukua, maana yeye ndiye niliyempa aitunze. Akakaa kwenye kiti cha mlangoni penye mwanga, mimi nimekaa kitandani. Akazifungua. Zilikuwa karatasi tano. Mimi kusoma nilikuwa sijui, kuhesabu najua.

Sasa sikiliza nilichofanya. Niligeuza uso nikatazama ukutani.

Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka ajue kwamba ninavyokaa leo ndivyo alivyokaa yeye mbele yangu miaka tisa. Na alijua. Ni mtoto wa klabu, huo ndio usia aliokulia. Nilisikia akizipanga karatasi upya. Halafu akaanza kusoma.

Alisoma vizuri, hakukwama mahali. Ngumi zitabaki ghalani. Bondia atabaki klabu. "Mama mkubwa atakaa kwenye kona kama kawaida." Nilifurahi niliposikia hilo, nikautazama ukuta wa nyumba yangu, ambao hauna hata ufa, nikaona ni mzuri. Akamaliza mapema. Nilihisi karatasi tano zimesomwa kwa muda wa karatasi tatu. Nikajiambia, kijana anasoma haraka, ameenda shule.

"Hapa, Mama mkubwa," akaweka kidole. Nikachora jicho langu.

Akasema, "Asante."

Kimya hasemi asante. Anapokea kitu, anainamisha kichwa, basi. Lile neno lilipita karibu na sikio langu na sikulikamata.

Jumatatu Sauti hakuja. Kimya alimpigia simu akamwambia karatasi ataipeleka ofisini mwenyewe. Alhamisi, nimeanika bendeji uani, jirani yangu fundi cherehani akapiga kelele kutoka dirishani kwake, "Bibi Bendeji! Njoo mbio, mwanao yuko kwenye televisheni!" Fundi ndiye aliyekuwa na king'amuzi cha Manjano pale uani. Nikaingia mikono inachuruzika maji.

Kimya alikuwa amekaa kwenye meza ndefu, kavaa suti ya mazoezi ya manjano, mpya, mikunjo ya dukani bado inaonekana. Pembeni Bwana Kalamu anatabasamu mpaka magego. Akainua karatasi juu, kamera ikaisogelea, ikaisogelea, mpaka ikajaa kioo chote. Herufi hata moja sikuijua. Lakini chini kabisa, upande wa kulia, jicho langu lilikuwa linanitazama.

Fundi alikuwa bado anapiga makofi. "Hongera, Bibi! Kumbe mnahama hamtuambii!"

Nilisema, "Ndiyo." Nikarudi uani nikamalizia kuanika. Zilikuwa bendeji kumi na sita na nilizibana zote.

Kimya hakurudi nyumbani siku hiyo. Manjano walikuwa wamempa chumba. Vitu vyake alituma mtu.

Asubuhi iliyofuata Sauti alikuja. Kwa mara ya kwanza alinong'ona.

"Mama, umetuuza."

Nikaendelea kukunja bendeji.

"Miaka sita! Tumekula kwenye sahani zako. Ungesema tu kwamba unataka kwenda kwa wale."

 Akanitazama vizuri, na yeye si mjinga, nikaona jambo linamwingia.

"Mama... ulisomewa nini?"

Akaniambia kwamba karatasi yao haikurudi, na kwamba nikisimama mbele ya kamera nikasema nimedanganywa, sijui kusoma, mtoto niliyemlea kanisomea uongo, basi chama kitaufuta ule mkataba na Kimya atarudishwa klabu. Gari lao lilikuwa nje. Taa wameshawasha.

Ningempata. Nataka uelewe hilo. Kwa maneno machache ningemrudisha kwenye lile benchi. Lakini ningekuwa nimemsimamisha mtoto wa mdogo wangu mbele ya nchi nzima nimemwita mwizi, na bondia aliyerudishwa kwa nguvu, mikono yake ningeifungaje? Na kingine, nakiri, niliona aibu. Mwanamke ninayeheshimiwa na wasimamizi wote wa ngumi, nikasimame niseme nilitia alama kwenye kitu nisichokijua?

Nikamwambia Sauti, "Alama ni yangu. Nimeichora kwa mkono wangu."

"Mama, unajiumiza."

"Nenda na taa zako."

Akaenda. Na Jumamosi ile Bluu wakaonyesha picha zangu za zamani, namfunga Kimya mikono, wameweka na muziki wa kuliza watu, na Sauti anasema kwa sauti yake ya msiba, "Mama aliyeachwa." Hawakuniuliza. Watu sokoni wakaanza kunipunguzia bei kwa huruma. Nilimrudishia muuza nyanya nyanya zake tatu za nyongeza, nikamwambia sijafiwa. Baada ya hapo Bluu hawakurudi ghalani. Wakahamia ukumbi wa hoteli wenye mazulia. Kwa hiyo Manjano walinichukulia mtoto, na Bluu wakanichukulia sura, wote wawili bila kunigusa.

Sasa cheka kidogo. Haukupita mwezi, Bluu kwa hasira wakamwendea Msumari, mkataba wake na Manjano ulikuwa unaisha, wakamnyakua. Umeelewa? Kimya ameniuza ili ampate Msumari, na Msumari amevuka upande wa pili. Wamepishana mlangoni. Mpaka leo wananunua mkate duka moja na mpaka leo hawajapigana. Yule muuza duka hasemi tena habari ya magunia ya sukari.

Miezi miwili baadaye, Jumanne asubuhi, ghalani hakuna mtu, nafagia. Kimya akaingia. Hakuwa na suti ya manjano, alivaa fulana yake ya zamani. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba. Nilimwangalia mkono kabla ya uso, ni kazi yangu.

"Nani anakufunga?"

"Wana mtu wao."

"Huyo mtu wao anafunga mikono au anafunga vifurushi vya posta?"

Akainamisha kichwa. Halafu akasema, "Nina mazoezi saa nne. Mama mkubwa, nifunge."

Ningemfukuza. Nilikuwa nimeyapanga maneno ya kumfukuzia, nimeyarudia kila ninapofua. Yakaniishia. Mkono ule niliujua ukiwa mdogo kama wa mtoto wa sungura. Nikamwonyesha benchi.

Akakaa. Akageuza uso kutazama ufa.

Nikamwambia, "Hapana. Tazama hapa."

Hakugeuka. Nikasema tena, "Tazama mikono yako. Anayekufunga ni mtu, na mtu anaweza kukufanya lolote. Tazama."

Akageuka. Nilifunga taratibu, kuzidi siku yoyote. Kwenye uvimbe nikapitisha bendeji mara mbili kando, isibane. Alitazama kila mzunguko na jasho lilikuwa linamtoka kama yuko raundi ya nane.

"Ungekubali ningekuuliza?" akasema.

"Uliniuliza?"

"Wewe uliniuliza?"

Hilo lilinipata mahali pake.  Nikasema, "Mimi nilikosea kwa mdomo, mbele yako, ukanisikia. Wewe ulinikosea ukiniona nimetazama ukuta."

Akarudisha macho kwenye mikono yake.

Nikakata plasta, nikabandika, nikarudisha mkasi kwenye kopo. Hakuinuka. Aliendelea kukaa, mikono juu ya magoti, viganja chini, kama alivyozoea. Nikaona anasubiri. Kalamu yangu ilikuwa hapo kwenye kopo pamoja na mkasi.

"Mama mkubwa. Na jicho?"

"Unalo tayari," nikamwambia. "Liko kwenye karatasi yako. Nilikupa moja, sina la pili."

Akainuka, akatoka. Mikono ilikuwa imefungwa vizuri, kuliko yote niliyowahi kufunga, na ilikuwa mitupu. Mimi nikamalizia kufagia. Niliufagia ule upande wa ukuta mara mbili.

Wiki iliyofuata nikajiandikisha kwenye darasa hili. Mwalimu alinikuta mlangoni akadhani nimekuja kumtafuta mjukuu. Nilimweleza nataka kusoma karatasi tano tu, zaidi ya hapo sihitaji. Karani wa chama cha ngumi alinipa nakala, maana mwenye klabu ana haki yake. Ilinichukua miezi saba. Karatasi ya kwanza nimeisoma wiki tisa, kwa kidole, mpaka kidole kikaweka alama. Karatasi ya nne ndiyo ina maneno haya, nayaandika kama yalivyo: "Kona ya bondia itakuwa na watu walioteuliwa na kituo pekee."

Ndipo nikajiona mpumbavu mzima. Yeye alinisomea, "Mama mkubwa atakaa kwenye kona kama kawaida." Karatasi gani ya ofisi inamwita mtu mama mkubwa? Alikuwa anayatoa kichwani, na alipofika kwenye jina langu alishindwa kudanganya vizuri, akaniita anavyoniita. Hilo ndilo linalonikata maini kuliko mengine. Angeniita "mwenye klabu," ningemchukia, ningepumzika.

Ghala bado lipo, bila kamera. Nina vijana kumi na mmoja na wasichana wawili, na nimefuta sheria ya ukuta. Wote wanatazama mikono yao nikifunga. Wasichana wananisahihisha. Kwenye plasta sichori jicho siku hizi, naandika jina langu lote, herufi kubwa, na msimamizi wa chama analalamika kwamba nimemmalizia nafasi ya sahihi yake.

Nimemaliza. Sasa wewe uliyeketi hapo kwenye chumba cha kusomea, umesoma bure, hukulipa hata senti, kuna kazi nakutuma. Kimya anafanya mazoezi kwenye jengo jipya lenye gari la manjano mlangoni, utaliona tu. Nenda na kijitabu hiki. Mwambie akae, ageuze uso atazame ukutani, halafu umsomee. Karatasi zote na mistari yote, hata pale ninapojilaumu, hata pale ninaposema wali uliungua. Usiruke kitu. Usimalize mapema.

Halafu uje ghalani uniambie kama aligeuka.